Matendo Mawili Hadi Basco

Khrrr. Mkwaruzo mmoja, kama kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikisema: imetua.

Kwa miaka kumi na tisa Eufronia Valiente aliusubiri mkwaruzo huo. Ndege ikishaondoka kiwanja cha kisiwa cha Itbayat, ikishapita juu ya malisho ya ng'ombe na kumezwa na mawingu ya upande wa kusini, aliingia kibandani akaketi karibu na redio, macho kwenye saa ya ukutani. Mkwaruzo ukija, aliandika dakika kwenye daftari, akachukua ufagio, akaendelea na siku yake. Hakuna aliyemwagiza kuandika dakika hizo. Alianza tu, juma la kwanza la kazi, kwa sababu alitaka kujua ndege ilikuwa wapi wakati ule ambapo haikuwa huku wala kule.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kupima watu. Ndege yenyewe ni ya viti tisa, na kila abiria hupanda mizani pamoja na kapu lake, kuku wake na vitunguu saumu vyake, naye Eufronia alitaja kilo kwa sauti ili rubani azisikie. Kwa hiyo kisiwa kizima kilijua uzito wa kisiwa kizima. Walikuwapo wanawake walioshinda na njaa siku mbili kabla ya safari, wakamwomba asome kwa kunong'ona. Aliwajibu kwamba rubani hana masikio ya kunong'onewa, na kwamba yeye hajaajiriwa kutunza siri za kiuno cha mtu. Uzito ukizidi, abiria walikaa wakaelewana wenyewe: huyu aache gunia la viazi vikuu, yule ambaye ni mwembamba amwazime jirani yake kilo nne, mwingine akumbuke kwamba hata kesho mji wa Basco, kule kisiwa cha pili, utakuwa palepale.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda. Mara tatu alijiandikisha, mara tatu akajipima, na mara zote tatu akajiteremsha kumpisha mtu: mjamzito, mwalimu, na sanduku la chanjo. Alipokuwa na shida ya Basco alikwenda kwa mashua, saa tatu za kutapika, na wakati wa kurudi akaruka kutoka mashuani hadi mwambani kama kila mtu, maana Itbayat haina ufuko. Unangoja wimbi likuinue, na linapokuinua unaruka. Ukichelewa kidogo, mashua inashuka nawe.

Mwezi wa tisa, mwaka ule aliotimiza miaka hamsini na nane, ilikuja barua kutoka Basco. Ilitoka kwa Ludivina, mdogo wake mama yake, aliyeolewa huko kabla Eufronia hajazaliwa. Iliandikwa na mkono wa mjukuu lakini maneno yalikuwa ya bibi mwenyewe. Sasa hivi, alisema, nikimtazama mtu naona kingo tu, katikati kuna ukungu, na daktari amesema hata kingo hazitafika Krismasi. Dada, njoo nikuone ukingo wako.

Mama yake Eufronia, Policarpia, alikuwa na miaka themanini na minne. Hakuwa ameonana na Ludivina kwa miaka kumi na mmoja, tangu goti la Policarpia lilipokataa kuruka mwambani. Eufronia alimsomea barua jikoni, mama akimenya viazi vikuu. Alipomaliza kusoma, mama aliendelea kumenya hadi kiazi kikawa kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Ni mbali kiasi gani kwa ndege?" aliuliza.

"Kilomita thelathini na kitu, Ina," alijibu, kwa neno lao la kumwita mama.

"Sikuuliza kilomita. Kilomita nitazipika? Nimeuliza ni matendo mangapi."

Eufronia alielewa. Wanawake wa Itbayat, magurudumu yakiachana na ardhi, huanza rozari, matendo matano ya Salamu Maria kumikumi yanayofungwa na Salamu Malkia, na hutaka kumaliza magurudumu yanapogusa ardhi tena. Anayewahi kumaliza hubaki akichungulia dirishani kwa wasiwasi. Anayechelewa hushuka na kusimama kando ya uzio wa kiwanja cha Basco, haongei na mtu mpaka amalize, na watu wa Basco wamezoea: ukimwona mwanamke wa Itbayat pale uzioni midomo ikicheza, humsalimii, hata kama ni mama mkwe wako.

"Sasa nieleze," mama alisema. "Ludivina atakuwa pale. Miaka kumi na mmoja. Mimi nishuke nikiwa kwenye tendo la tatu, nimpite dada yangu kama jiwe?"

"Si utasali baadaye, Ina? Mungu hana haraka."

"Mungu hana haraka, lakini miguu haiambiwi kitu. Kwa mashua miguu inajua imefika, imeruka, imeumia. Humo ndani ya bati lenu mtu anakaa kitini hapa, anainuka kitini kule. Nani amemwambia kwamba amefika? Nikisema Salamu Malkia ndipo nitajua. Wewe una daftari lako la dakika. Niambie ni mwendo gani, kamili, nami nitapanga sala yangu. Usiponiambia siendi."

Hivyo ndivyo daftari ambalo kila mtu alilicheka lilivyopata kazi.

Eufronia alilifungua usiku uleule, na alfajiri akaligundua jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yote ya kuliandika. Siku shwari, bahari kama kitambaa kilichopigwa pasi, ndege ilichukua dakika kumi na saba, kumi na tisa, mara nyingine ishirini. Siku za upepo mbaya, siku ambazo mabati yalilia na rubani alipanda akiwa amenyamaza, ilichukua tisa. Mara moja, siku moja kabla ya kimbunga, saba. Akafuatilia upande wa upepo, akadhani labda ni ule wa kaskazini unaoisukuma ndege kwa nyuma. Lakini hata upepo ulipotoka kusini, ukiipiga ndege usoni, ilikuwa tisa. Inawezekanaje chombo kikimbie zaidi kadiri njia inavyokuwa mbaya?

Alimuuliza Kapteni Jovito, rubani, mtu wa kisiwa kikubwa cha Luzon aliyekuwa amekwisha kujifunza kumwita Kaminan, shangazi, kama vijana wote wa pale. Alijibu ni kama kumi, kama kumi na tano, inategemea.

"Inategemea nini?"

"Nani ameuliza. Mkaguzi akiuliza ni kumi na mbili, Kaminan. Mke wangu akiuliza ni siku nzima."

Akawauliza abiria waliorudi. Rosalba, muuza nguo, aliapa kwamba alisali matendo yote matano na Salamu Malkia, na bado akapata nafasi ya kupaka poda. Teopilo, mkulima wa viazi aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ya mizani, alisema Rosalba akisali ni mvua kwenye bati, na Bikira Maria mwenyewe hushika neno la kwanza na la mwisho, ya katikati anakisia. Rosalba akamwambia heri mvua kuliko yeye, ambaye hulala ndege ikiwa bado chini na kuamka akiuliza kama wameondoka. Mama mwingine alisema tendo moja na nusu. Mwingine matatu. Eufronia aliandika yote, kisha akayafuta, kwa maana yalimwambia habari za midomo na si habari za njia.

Akabaki mmoja tu wa kuulizwa. Upande wa Basco, sauti iliyokuwa inasema imetua ilikuwa ya Ambrosio Hontomin, mzee wa redio. Eufronia alimwona ana kwa ana labda mara sita maishani, kila alipovuka kwa mashua, na kila mara walisalimiana kwa aibu kama watu waliozoeana gizani. Kwenye redio walikuwa na maneno manne tu: imeondoka, nimesikia, imetua, asante.

Jumatatu, ndege ya asubuhi ilipotua na mkwaruzo ukaisha, hakusema asante, alimwita Maran, mjomba, kama waitwavyo wanaume wazima wa kule.

"Maran Ambrosio. Nina swali. Unaposema imetua, magurudumu yanakuwa wapi?"

Alisikia kuku wa mtu akilia kule Basco.

"Mbona unauliza?"

"Kwa sababu siku za upepo mbaya ndege yako ina mbio kuliko ya watu wote."

Ambrosio akajieleza, polepole, kama mtu anayevua kiatu chenye mchanga. Siku shwari alikwenda kwanza kusaidia kuteremsha mizigo, akazungumza na huyu na yule, ndipo akarudi redioni. Hapakuwa na haraka. Lakini siku mbaya, mara tu alipoiona ndege ikichomoza ubavuni mwa mlima, kabla haijageuka, kabla haijashuka, alishika redio.

"Lakini ilikuwa bado haijatua."

"Nilijua itatua."

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Ila niliona wewe uko huko peke yako na hiyo saa yako. Nikasema, dakika tano za hofu, nitazibeba mimi."

Eufronia aliutazama ukuta. Alitaka kukasirika, kwa maana miaka kumi na tisa ya namba zake ilikuwa imegeuka kuwa namba za moyo wa mtu, na hazikufaa kitu kwa mama yake. Lakini hasira haikuja. Alichosema ni kwamba kuanzia kesho anahitaji magurudumu. Yakigusa, aseme. Kwa majuma mawili tu. Ni kwa ajili ya Ina.

"Hata siku mbaya?"

"Hata siku mbaya."

Siku mbaya ilikuja Alhamisi. Eufronia aliketi. Dakika ya saba ikapita, ya tisa ikapita, na redio kimya. Dakika ya kumi aligundua kwamba amesimama. Ya kumi na moja alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mkwaruzo ulikuja dakika ya kumi na nne, na ndipo alipojua miaka yote ile alikuwa amepunguziwa nini.

Baada ya majuma mawili alikuwa na jibu. Upepo wa kaskazini, kumi na mbili. Hakuna upepo, kumi na tatu. Upepo wa kusini, kumi na nne, mara moja kumi na tano. Ilimpendeza jinsi namba zilivyokaa karibukaribu, kama ndugu kwenye benchi. Kilichobaki ni kumpima mama yake, na hilo alilifanya kwa wizi, akijifanya anachambua majani ya viazi huku saa ya mkononi iko chini ya kitambaa. Tendo moja la Policarpia lilichukua dakika sita. Alirudia kupima siku tatu. Lilikuwa sita, kwa sababu kati ya Salamu Maria na Salamu Maria aliweka jina la marehemu mmoja, na kila marehemu alipewa nafasi ya kupita bila kusukumwa.

"Basi ni matendo mawili na kidogo, Ina. Wewe unahitaji matano. Matatu utayasali chini, kabla ya kuondoka. Ukisikia mlio wa ndege inakuja, anza. Inatua, inashusha, inapakia, inaondoka: dakika ishirini. Hapo uko tendo la nne. La tano utamalizia Basco, mguu chini, Salamu Malkia, halafu Ludivina."

Mama alilifikiria jambo hilo. Alisema sala ya angani inaanzia angani, ndivyo ilivyo siku zote. Eufronia alisema siku zote ndege haikuwapo. Bibi yake alivuka kwa makasia. Mama akasema mtoto wa kumjibu mama yake hivyo alipaswa kupimwa yeye, si kupima wengine. Lakini asubuhi iliyofuata alikuwa amekwisha kuanika sketi yake ya kanisani.

Walichagua Jumanne. Upepo ulikuwa wa kaskazini, mwepesi. Policarpia aliketi kwenye benchi la kiwanja akiwa na vakul yake kichwani, ile kofia ya nyuzi inayomwagika hadi mgongoni, na alipousikia mlio kwa mbali alifumba macho na kuanza. Eufronia alitazama saa. Kila kitu kilikwenda sawasawa kwa muda wa tendo moja na nusu.

Kisha Kapteni Jovito akasema mawingu yanajaa kule mbele na amebeba mafuta zaidi ya siku zote. Eufronia alijumlisha, uzito wa mama yake akiukadiria tu, akajumlisha tena. Zilizidi kilo hamsini na tisa. Yeye mwenyewe alikuwa kilo sitini na moja. Alianza kuteremsha kapu lake, kama mara zile tatu. Mama yake hangeweza kwenda peke yake, alilijua hilo, na mikono yake iliendelea kuteremsha.

"Acha," alisema Teopilo. Alikuwa kilo sabini, na gunia lake ishirini. "Mimi nitakwenda kesho. Viazi havina miadi."

"Maran, juzi ulisema una shahidi mahakamani."

"Shahidi ni mimi. Watanisubiri."

Rosalba alisema ndiyo mara ya kwanza uzito wa Teopilo kufaa kitu. Teopilo alimjibu kwamba angeweza kumwazima mtu kilo alfu, ila Rosalba asingepata hata moja, kwa maana maneno yake peke yake yanajaza ndege. Watu wakacheka, na hapo mtu akakumbuka kwamba bibi hajapimwa. Wawili walimshika mikono, wakampandisha mizanini katikati ya tendo la tatu, na Eufronia, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, aliuliza kwa sauti kama anavyomuuliza kila mtu: kuna chochote mfukoni?

"Rozari," alijibu mama yake.

Akasimama. Akamtazama binti yake. Alikuwa amezungumza katikati ya sala, na kwa hiyo sala ilikuwa imekatika. Alirudisha vidole kwenye msalaba, mwanzo kabisa, bila lawama, kama mtu anayefumua ushonaji.

"Thelathini na nane," alisema Eufronia, na sauti yake haikufika kwa rubani. Ilibidi arudie.

Teopilo alibaki kibandani na redio, akifundishwa kwa haraka kitufe kipi kibonyezwe. Ndege ilikimbia, ikaachana na ardhi, na Policarpia akaanza tendo la kwanza.

Eufronia hakuitazama saa. Alikuwa amejiahidi ataitazama, lakini alikuwa ndani yake sasa, ndani ya zile dakika ambazo alizisubiri upande mmoja bila kuziona. Hazikuwa tupu. Kulikuwa na malisho, kisha ukingo wa mwamba ukikatika ghafla, kisha bahari yenye mikunjo myeupe ambayo haikusogea. Kulikuwa na kivuli cha ndege, kidogo kama nzi, kikivuka maji kwa bidii. Aliona mashua moja, na akajua wote waliomo humo wanatapika. Kulikuwa na wingu, na ndani ya wingu hapakuwa na kitu, na ndipo akafikiri: hapa ndipo ilipokuwa, siku zile zote. Kando yake mama alikuwa akitaja marehemu. Alisikia jina la baba yake likipita.

Mlima wa Basco ulichomoza kushoto. Ndege iligeuka, ikashuka, ikagusa. Vidole vya mama vilikuwa mwisho wa tendo la pili.

Mlango ulifunguliwa, na abiria wakashuka. Ng'ambo ya uzio, kwenye kiti cha plastiki, aliketi bibi mmoja mdogo mwenye sweta la kijani, shingo ameinyoosha, akitazama kwa makini sana upande wa mkia wa ndege, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Policarpia alimwona. Eufronia alijua amemwona, kwa sababu vidole vilisimama kwenye chembe moja, kisha vikaendelea. Hakuinuka.

Ambrosio alikuja na kigoda cha kushukia. Kapteni Jovito aligeuka kitini. Alieleza kwa upole kwamba wingu linashuka, kwamba kuna watu wanane wanaongoja kwenda Itbayat, na kwamba kila dakika ina maana yake. Alimwomba Kaminan amsaidie bibi kuinuka. Matendo matatu yalikuwa yamebaki, dakika kumi na nane, na hakuna aliyejua hesabu hiyo kuliko Eufronia, aliyekuwa amewaharakisha watu wa kisiwa chake kupanda na kushuka kwa miaka kumi na tisa, wagonjwa kwa wazima, bila kumpendelea mtu.

Alimtazama mama yake. Midomo ilikuwa ikicheza, macho yametulia kwenye lile sweta la kijani. Kisha Eufronia akaweka mkono begani mwa rubani, na akasema kwa sauti ndogo sana, iliyowafikia yeye na Ambrosio tu:

"Msubirini. Bado hajafika."